Daftari la Oktoba: mwongozo kwa mzazi wa Bujumbura

Anza na tarehe. Kabla hujauliza swali lolote, chukua daftari la mtoto, tafuta ukurasa wa kwanza wa mwezi huu wa Oktoba, kisha pitia tarehe zilizoandikwa juu ya kila somo. Kwingine utakuta "octobre", kwingine "Gitugutu", kutegemea ni daftari la Kifaransa au la Kirundi. Wiki nzima ikiwa na tarehe mbili tu, hapo una jambo la kuzungumza naye, tena zito kuliko lile swali letu la kila jioni, "leo mmesoma nini?", ambalo watoto hulijibu kwa neno moja: hakuna.

Usikimbilie fimbo. Tangu karo ya shule za msingi za serikali ifutwe mwaka 2005, madarasa yalifurika, na shule nyingi zikalazimika kupokea watoto kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Katika darasa la namna hiyo, mtoto aliyebanwa dawati la nyuma hunakili polepole, na kabla hajafika mstari wa tatu ubao umeshafutwa. Mwingine haoni vizuri na wala hajui kwamba haoni, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Toka naye barabarani, msimamishe mbali kidogo na bango la duka, mwambie asome. Akibana macho na kukunja uso, tatizo si uvivu. Omba asogezwe mbele darasani wakati unatafuta pa kumpimia macho.

Wino mwekundu nao usikudanganye. "Vu" na sahihi chini ya ukurasa ni ishara kwamba mwalimu ameliona daftari, basi. Hajasema kazi ni nzuri wala mbaya. Tafuta alama zenye namba, na zaidi ya alama, tafuta masahihisho: je, pale alipokosea mtoto ameandika upya jibu lililo sawa? Daftari lenye makosa mengi yaliyosahihishwa linanipendeza kuliko daftari safi lililonakiliwa kwa jirani. Na Oktoba ndiyo wakati wa kulitazama. Septemba huliwa na kuandikisha, kupanga madawati na kurudia ya mwaka jana, na Desemba ni mitihani ya muhula. Hapa katikati ndipo masomo mapya yanapoingia, na anayeachwa nyuma sasa bado anaweza kufikiwa.

Kusoma au kukariri

Watoto wa madarasa ya chini hujifunza kwa kuitikia: mwalimu anatamka, darasa zima linarudia. Njia hiyo ina faida yake, hasa vitabu vinapokuwa vichache. Lakini mtoto mwenye sikio zuri anaweza kukariri ukurasa mzima bila kuzijua herufi zake. Utamsikia akiimba sentensi vizuri kabisa huku kidole kikiwa kwenye mstari mwingine, na bibi yake akishangilia.

Kipimo chake ni rahisi, na hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kukitumia. Funika picha kwa kiganja. Weka kidole katikati ya mstari, si mwanzoni, na umwambie atamke neno hilo tu. Halafu mrudishe nyuma maneno mawili. Akisita, akaunganisha silabi moja moja hadi neno likatoka, huyo anasoma, hata kama ni polepole. Akilazimika kuanza upya tangu mwanzo wa mstari ili alifikie neno ulilomwonyesha, anakariri. Ukigundua hivyo usimwaibishe mbele ya kaka na dada zake. Kata vipande vya boksi la sabuni, andika (au mwambie dada yake mkubwa aandike) silabi za wiki hiyo, moja kwa kila kipande, uvichanganye, na kila jioni aokote vichache na kuviunganisha kuwa maneno. Dakika kumi zinatosha. Kumkalisha saa nzima kwenye mwanga wa mshumaa umeme ukikatika hakumfundishi kitu isipokuwa kuchukia kitabu.

Herufi zilezile, lugha nne

Hapa ndipo mtoto wa Burundi anapobeba mzigo ambao watoto wengi wa nchi jirani hawaujui. Kabla hajamaliza elimu ya msingi atakuwa amekutana na lugha nne. Kirundi hubeba masomo ya miaka ya mwanzo katika shule za serikali. Kifaransa huchukua nafasi hiyo kwenye madarasa ya juu, na katika shule nyingi za binafsi huanza mapema zaidi. Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katikati ya miaka ya 2000, nchi ilipokuwa ikijiandaa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwanachama tarehe 1 Julai 2007. Ikiwa wewe ulimaliza shule ya msingi kabla ya hapo, basi hukuwahi kufundishwa Kiswahili darasani, hata kama umekizungumza mtaani Buyenzi tangu ulipoanza kutamka. Mwanao anasoma somo ambalo wewe hukulisoma.

Lugha hizo zinatumia herufi zilezile, lakini haziziheshimu kwa namna moja. Chukua herufi c. Katika Kirundi, c peke yake ni sauti tuliyonayo kwenye "chai"; ndiyo maana mtaa tunaoutamka Chibitoke huandikwa Cibitoke. Sasa mtoto aliyefundishwa hivyo asubuhi, mchana akiandika Kiswahili anaweka "cakula" na "cumba". Kirundi pia hakitenganishi l na r, hivyo "kalamu" inakuwa "karamu", na mtoto anaandika kwamba mgeni "amerara" nyumbani. Ukiingia Kifaransa mambo yanageuka tena: "ch" inakuwa sauti ya "sh", na sauti yetu ya u inahitaji herufi mbili, o na u, kwa hiyo rangi nyekundu inayotakiwa kuandikwa "rouge" yeye anaiandika "ruge", kama anavyoisikia.

Mzazi asiyejua hili ataona daftari limejaa ujinga. Aliyeandika "cakula" si mjinga hata kidogo, ameshika Kirundi vizuri na anakipeleka mahali kisipotakiwa. Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha, muulize swali moja: "Hapa ulikuwa unaandika lugha gani?" Mara nyingi atacheka na kujisahihisha mwenyewe. Kisha bandikeni ukutani karatasi moja yenye safu nne, na kila mara kosa la aina hii likitokea, liandikeni humo kwa lugha zinazohusika. Mkifika mwisho wa mwezi mtakuwa mmeona makosa yenyewe ni machache, ila yanajirudia.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, nina neno ambalo huenda lisipendeze. Tuna mazoea ya kujisifu kwamba watoto wetu hawana shida na somo la Kiswahili, na ni kweli, wanakuja nalo kutoka kwa mama. Lakini katika madarasa ya mwanzo Kirundi ndicho kinachobeba hesabu, mazingira na karibu kila kitu kingine. Mtoto wa Buyenzi anayekijua Kirundi cha sokoni tu anaweza kushindwa hesabu anayoiweza, kwa sababu hakuelewa swali. Kwa hiyo mwezi huu, ukiwa na nusu saa ya kumsaidia, isiende kwenye Kiswahili anachokipenda, iende kwenye Kirundi. Jirani aliyetoka Muramvya au Ngozi ni mwalimu mzuri kuliko unavyodhani. Mtume mtoto kwake na ujumbe mrefu, si "hodi" peke yake, arudi na jibu lake. Redio Nderagakura, redio ya shule ya hapa kwetu, nayo hutangaza vipindi vya masomo.

Na somo lenyewe la Kiswahili lina mtego wake. Kitabu kinafundisha Kiswahili sanifu. Nyumbani tunasema tunavyosema. Mtoto akiandika "mama iko sokoni" atakatwa alama, na mwalimu ana haki, kwa sababu mtihani unataka "mama yuko sokoni". Kosa ni pale mtoto anapoambiwa kwamba mama yake hajui lugha. Mfundishe kwamba kuna namna ya kusema jikoni na namna ya kuandika kwenye daftari. Watoto huelewa upesi: tayari wanajua kwamba babu hasemeshwi kama mtoto mwenzao wa mtaani.

Saa, namba na sokoni

Saa inasumbua madarasa yote, na sababu haipo kwenye akili ya mtoto. Kwa Kiswahili na kwa Kirundi siku inaanza kunapokucha, na saa moja asubuhi ni saa ambayo Kifaransa kinaiita 7 h. Mtoto anaondoka nyumbani ukimwambia ni saa moja na nusu, anafika darasani anaandikiwa 7 h 30. Mwonyeshe saa ya ukutani. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, namba inayoutazama kutoka upande wa pili ni 1. Ukiwa kwenye 10, upande wa pili ni 4, na kweli ni saa nne. Akishaona hivyo, hana haja ya kujumlisha wala kutoa sita.

Namba za Kifaransa nazo zina jambo lake dogo. Hapa kwetu 70 ni "septante" na 90 ni "nonante", kama walivyotuachia Wabelgiji. Shangazi aliyezoea televisheni za Ufaransa asimkosoe mtoto kwa "soixante-dix" yake. Zote ni Kifaransa, lakini afuate ya mwalimu wake.

Kujumlisha na kutoa, nenda naye Ruvumera au Kinama, au soko lolote lililo karibu nawe. Mpe noti ya faranga 5,000, mwambie akueleze chenji itakuwa ngapi kabla muuzaji hajahesabu. Fungu la nyanya, kopo la ndagala, nusu kilo ya maharage: vipimo vyote vya darasani viko pale. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo, kila mama wa mji huu anajua kufundisha hesabu sokoni kuliko mimi.

Tarehe 13 na tarehe 21

Oktoba ina siku mbili ambazo shule hufungwa, na mtoto atauliza kwa nini. Jibu la "ni sikukuu" halitoshi, maana hata Krismasi ni sikukuu.

Tarehe 13 ni ya Mwanamfalme Louis Rwagasore. Mtoto wa madarasa ya kati huwa amefundishwa kwamba alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, kwamba chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, na kwamba aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu, katika hoteli ya Tanganyika hapa mjini. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 1 Julai 1962, yeye hayupo. Hayo atayakariri. Linaloweza kumkaa moyoni ni lile ambalo mitihani hailiulizi: mwaka 1957, mji huu ukiitwa bado Usumbura, Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na miongoni mwa waliomuunga mkono kwa nguvu walikuwemo wafanyabiashara Waswahili wa mji. Kama una mzee katika ukoo aliyekuwa Buyenzi miaka ile, au aliyesimuliwa na waliokuwapo, mkalishe na mjukuu wake jioni ya tarehe 12. Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, kilimani, na siku hiyo viongozi huenda kuweka mashada ya maua. Mtoto akionyeshwa kilima hicho kutoka chini mjini, somo linapata mahali pa kukaa.

Mara nyingi mwezi huu darasa huchora pia bendera. Nyota tatu za katikati husimamia Umoja, Kazi na Maendeleo, maneno yaleyale ya kaulimbiu ya taifa. Tazama mchoro wa mwanao: nyota hizo zina ncha sita. Karibu kila mtoto huchora tano.

Tarehe 21 ni ngumu zaidi. Ni siku ya Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993 na kuuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo katika mapinduzi ya kijeshi, na baada yake vikaja vita vilivyodumu miaka mingi. Wengi wetu tunaolea watoto sasa tulikuwa watoto wakati huo, na kila nyumba ina jina inalolitaja kwa sauti ya chini. Maoni yangu ni haya: mtoto wa miaka minane au tisa anastahili ukweli mfupi. Mwambie alikuwa nani, alichaguliwa na watu, aliuawa, na kwamba baada yake walikufa watu wengi wa kila upande. Akiuliza "nani aliwaua?", mwambie kwamba ni swali kubwa na kwamba mtalizungumza tena atakapokuwa mkubwa, kisha kweli mlizungumze. Usimpe orodha ya maadui aende nayo dawatini, maana dawati lile amekaa na mtoto wa jirani. Ila usimnyamazie kabisa. Ukinyamaza atafundishwa na wakubwa wa mtaani, na hao hawana kitabu wala mwalimu mkuu wa kuwauliza wanasema nini.

Ramani yako imezeeka

Kwenye jiografia, mzazi ndiye mwenye kukosea. Wengi wetu tulikariri mikoa 15, au 16, au 17; wadogo zetu walikariri 18 baada ya Rumonge kuongezwa mwaka 2015. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika 2025, mikoa imekuwa mitano: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na komini zimetoka 119 hadi 42. Mtoto akikuambia kuna mikoa mitano, usimwambie ameota. Akikuambia mji mkuu ni Gitega, hajakosea: tangu 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura imebaki mji mkuu wa kiuchumi. Hata Buyenzi yenyewe, ambayo wazazi wetu waliijua kama komini, ilishakuwa zoni ndani ya Mukaza pale komini 13 za jiji zilipounganishwa kuwa tatu.

Tatizo litatokea kitabu kikiwa cha zamani na mwalimu akifundisha mpya, au kinyume chake, kwa kuwa vitabu havichapishwi upya kila sheria inapobadilika. Hapo usiamue wewe. Mwambie mtoto aandike ya mwalimu, na pembeni aandike kwa penseli ya kitabu, kisha aulize darasani.

Yasiyobadilika ni ya kutazama kwa macho. Mvua za Oktoba zikishaanza kusafisha vumbi la kiangazi, milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huonekana wazi, na huo ndio wakati wa kumpeleka mtoto ufukweni Jumapili. Mwonyeshe Uvira iko upande gani. Mwambie ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na kwamba linagawanywa na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kisha mpitishe kwenye daraja la Ntahangwa na umwache atazame kingo zilivyoliwa na maji. Somo lao la mmomonyoko wa udongo liko pale, na anayeishi karibu na Gatumba hahitaji kuambiwa maji yanaweza kufanya nini.

Kwa mwalimu

Ukienda shuleni, usiende saa moja na nusu asubuhi, mwalimu akiwa na watoto mlangoni. Nenda zamu inapoisha. Msalimie vizuri, muulize hali ya nyumbani kwake, usianze na malalamiko. Mtu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa tangu asubuhi amechoka. Usiulize "mtoto wangu yukoje?", kwani jibu litakuwa "anajitahidi", nawe utarudi mtupu. Uliza ni somo gani wameanza mwezi huu ambalo darasa zima limelipata kwa shida. Uliza lugha ya maswali ya mtihani wa Desemba kwa kila somo, kwa sababu ratiba na mitaala hubadilika na alivyosoma dada yake mkubwa huenda sivyo tena. Kama kuna mkutano wa wazazi, nenda hata kama utakaa nyuma bila kusema kitu. Baba, nawe nenda: mikutano hiyo imeachiwa kina mama kana kwamba mtoto ana mzazi mmoja.

Na nenda na daftari mkononi. Kunja pembe ya ukurasa mmoja tu, ule ambao wewe na mtoto mmeshindwa kuuelewa, uufungue mbele ya mwalimu, na umwombe akueleze wewe kama anavyolieleza darasa.